Kila Samaki na Lupango Lake



Siku hizi kuko nyumba na ofisi ambamo unaingia na kukuta sanduku la kioo limejaa maji, taa inawaka juu yake, na samaki wadogo wanapita polepole. Watoto wanasimama mbele yake sawa mbele ya televisheni. Sanduku lile linaitwa akwariyumu. Kijana anarudi nyumbani na wazo moja kichwani: hata mimi nitatengeneza langu. Kioo si shida, fundi wa madirisha yuko. Anaunganisha vioo vitano, anatia maji, anatafuta samaki 6 wa rangi 6 mbalimbali. Nyuma ya juma mbili anabaki na samaki mmoja tu, tumbo kubwa, anajitembeza peke yake sawa mwenye kampani.

Basi watu wanasema: "Samaki hawa ni zaifu," ao: "Wamerogwa." Hapana. Mara nyingi shida ilianza siku ya kununua. Samaki walichaguliwa kwa macho. Yule ni wa manjano, yule ni wa buluu, yule ana mistari, leta wote. Hakuna aliyeuliza kama wanaweza kukaa pamoja. Ndiyo jambo ninalotaka tuliangalie leo: namna gani kuchagua samaki wadogo wanaopatana, kwa sanduku dogo, bila kupoteza makuta na bila kutesa viumbe.

BAHARI AO ZIWA?

Katika Ulaya, Marekani na Japani, watu wengi wanafuga hata samaki wa bahari ndani ya sanduku la litre 60 ao chini yake, pamoja na majiwe yenye uhai na matumbawe. Ni kazi nzuri lakini ngumu. Maji ya bahari yana karibu gramu 35 za chumvi katika kila litre. Joto likipunguza maji, chumvi inabaki palepale, na maji yanazidi kuwa makali. Katika sanduku kubwa mabadiliko yanakuja polepole. Katika sanduku dogo siku moja ao mbili zinatosha kuleta hatari.

Mmoja wa samaki hao munamujua, ni yule wa rangi ya chungwa mwenye mikanda myeupe, watoto wamemuona katika filme ya Nemo ya mwaka 2003. Mfugaji mwenye akili anatia wawili tu, dume na jike, na pengine samaki mmoja mdogo anayekaa chini kwenye mchanga. Lakini akiongeza kasamaki kamoja ka buluu, ka bei ndogo, kanakopendeza sana, kesho yake atakuta kamenyang'anya kila tundu na kila kona. Kako kadogo sawa kidole, lakini roho yake ni ya mamba.

Sisi wa Lubumbashi, Likasi na Kolwezi tuko mbali na bahari. Lakini tuna ziwa Tanganyika, na samaki wake wadogo wanafuata sheria ileile. Ziwa hili lina urefu wa karibu kilometre 670 na kina cha metre 1470. Katika dunia yote, ni ziwa Baikal la Urusi tu linalolipita kwa kina. Inchi 4 zinaligawanya: Kongo, Tanzania, Burundi na Zambia. Wengi wetu tunalijua kwa sahani tu, kwa mikebuka na ndakala. Lakini kandokando, kwenye majiwe na mchanga, wanakaa samaki wadogo wa ukoo mmoja na tilapia, aina zaidi ya 200, na karibu wote hawapatikani fasi ingine yoyote duniani.

Mwanasayansi Mbelgiji Max Poll alikuwa katika kundi lililochunguza ziwa hili mwaka 1946 na 1947, akaandika habari za samaki wake. Kuanzia miaka ya 1970 samaki hao walianza kusafirishwa kwa ndege kutoka Bujumbura, wakiwa hai ndani ya mifuko ya plastiki, wakauzwa ng'ambo kwa wenye akwariyumu. Hivi leo kuko mtoto katika Ujerumani anayemujua kwa jina samaki wa Moba, na mtoto wa Kolwezi hajamuona hata siku moja. Haya, tuwajue sasa.

HAKUNA FASI YA KUKIMBILIA

Mbele ya kutaja majina, shika neno moja. Ndani ya ziwa, samaki akifukuzwa na mwenzake anakimbia metre mbili, na neno limekwisha. Mwenye kufukuza anarudi kwake, mwenye kufukuzwa anatafuta fasi ingine. Lakini ndani ya sanduku la sentimetre 60, metre mbili hazipo. Mwenye kufukuzwa anafika kwenye kioo, anageuka, anakutana na adui yake tena. Hivyo mchana wote, na kesho vilevile. Hali chakula, hapumziki, mapezi yanapasuka, ugonjwa unaingia. Siku ya tatu ao ya nne unamukuta anaelea.

Samaki yule mkali si mwovu. Analinda lupango lake. Kila mmoja wetu anajua lupango ni nini, na anajua maneno yanayotokea mtu akisogeza ukuta wake sentimetre 50 upande wa jirani. Samaki hawa hawana karatasi ya mipaka, lakini mipaka wanayo. Kazi yako wewe ni kuwapa malupango yanayotosha, na kuchagua majirani wasiogombania fasi moja.

MAULIZO 5 MBELE YA KUNUNUA

1. Anaishi katika maji gani? Tanganyika ina maji yenye chumvichumvi za majiwe, na pH yake ni karibu 9. Baba anayefanya kazi katika laboratware ya kiwanda anaijua alama hii: 7 ni katikati, chini yake ni asidi, juu yake ni kinyume cha asidi. Sasa, kuko samaki mzuri sana wa mito ya msitu wa Kongo, mwenye kung'aa rangi nyingi. Yeye anapenda maji mepesi, yasiyo na chokaa, na ya asidi kidogo. Wote wawili ni wa inchi yetu, lakini ukiwatia pamoja, mmoja wao atateseka kila siku. Kuwa wa inchi moja si kuwa wa maji mamoja.

2. Atafika urefu gani? Usipime samaki kwa vile alivyo ndani ya mfuko. Uliza atakavyokuwa nyuma ya miaka miwili. Mwenye kuuza akisema "hatakomaa, sanduku likiwa dogo anabaki mdogo," usimusadiki. Samaki anayezuiwa kukomaa kwa sababu ya maji machafu na nafasi ndogo ni samaki mgonjwa.

3. Anakaa fasi gani? Wengine wanakaa kwenye mchanga, wengine katikati ya majiwe, wengine katikati ya maji, hawagusi chini. Aina mbili zinazotafuta fasi moja zitapigana. Aina mbili zinazokaa mbali zinaweza kuwa majirani.

4. Kinywa chake kina ukubwa gani, na kinakula nini? Samaki anayeweza kuingia katika kinywa cha mwenzake, siku moja ataingia.

5. Maisha yake ya nyumbani ni namna gani? Kuko wanaoishi wawiliwawili, dume na jike. Kuko dume mmoja mwenye majike mengi. Kuko wanaoishi kundi zima, wakubwa kwa wadogo. Ukikosea hapa, hata aina moja peke yake itapigana yenyewe kwa yenyewe.

SAMAKI WA NYUMBA ZA KONOKONO

Tuchukue sanduku la urefu wa sentimetre 60, upana 30 na kimo 30. Hesabu ni nyepesi: ni litre 54. Ukiondoa mchanga na majiwe, maji yanabaki karibu litre 45, ni kusema zaidi kidogo ya bidoni mbili za litre 20. Ni maji machache. Basi tutafute samaki ambao hata ndani ya ziwa wanaishi kwa nafasi ndogo.

Nao wapo. Chini ya ziwa kuko fasi ambako nyumba za konokono wakubwa waliokufa zimejaa, maelfu kwa maelfu. Samaki wadogo wamezifanya kuwa nyumba zao. Wanalala humo, wanazalia humo, wanakimbilia humo wakiona adui. Majina yao ni ya Kilatini. Yaandike kwenye karatasi vile yalivyo, kwa sababu ndivyo wauzaji wote wa dunia wanavyowaita.

Wa kwanza ni Neolamprologus multifasciatus. Ni mmoja wa samaki wadogo kabisa wa ukoo wake. Dume anafika karibu sentimetre 4 na nusu, jike karibu 3. Mwili wake una mistari mingi myembamba inayoshuka. Wanaishi kundi zima: mababa, mamama, watoto wa kwanza na watoto wapya, kila mmoja karibu na nyumba yake ya konokono. Nunua 6 ao 8 wakiwa wadogo, watajichagua wenyewe. Weka mchanga mwembamba wa sentimetre 5, na nyumba za konokono 20 ao zaidi, kwa maana kila samaki anahitaji mbili ao tatu. Wakubwa hawali watoto wao wakizaliwa. Nyuma ya mwaka mmoja utaona kijiji kizima. Mimi ningemushauri kila mwenye kuanza achukue huyu.

Wa pili ni Lamprologus ocellatus. Dume anafika sentimetre 5 ao 6, jike karibu 4. Ana macho makubwa na alama nyeusi ya mviringo kwenye kifuniko cha mashavu. Anachimba mchanga na kuizika nyumba yake, mlango tu unabaki wazi. Huyu ni mkali. Anaweza kuuma hata mkono wako unaosafisha kioo. Katika sanduku letu tia dume mmoja na majike mawili tu, na nyumba zikae mbalimbali. Ukitia madume mawili, jua kwamba unamununulia mmoja wao kifo.

Wa tatu ni Neolamprologus brevis, wa sentimetre 5 ao karibu 6. Ni mpole zaidi. Ajabu yake ni hii: dume na jike wanaingia wote wawili katika nyumba moja ya konokono. Tia wawili wanaopatana, na nyumba chache za kuchagua.

Sikiliza vizuri: sikusema utie hawa watatu pamoja. Wote watatu wanatafuta mchanga ule ule na konokono zile zile. Kwa sanduku la sentimetre 60, chagua aina MOJA. Aina moja yenye raha inapendeza kuangalia kuliko aina tatu zinazojificha.

UKITAKA MAJIRANI

Kama una sanduku la sentimetre 80, lenye karibu litre 100, sasa unaweza kutia watu wa upande wa pili. Upande mmoja weka mchanga na nyumba za konokono za multifasciatus. Upande mwingine panga majiwe hata karibu na uso wa maji, yenye nyufa nyembamba. Kwenye majiwe yale tia samaki wawili wa Julidochromis, kwa mfano ornatus, mwenye rangi ya manjano na mistari 3 myeusi ya kwenda urefu. Anafika karibu sentimetre 8. Anapenda nyufa, anazalia humo, hana haja na konokono. Pengine atakula katoto ka jirani kanakopotea njia, lakini kundi halitakwisha.

Katikati ya pande mbili acha mchanga mtupu, sentimetre 15 ao 20. Huo ndio mpaka. Majiwe yakimwagika mpaka kwenye konokono, umeondoa ukuta, na ugomvi utaanza. Tena, dume na jike wa Julidochromis wakiisha kuoana, usibomoe majiwe yao kila mara kwa kusafisha. Mara nyingi wakipoteza fasi zao, hata wao wawili wanageukiana, na mmoja anauawa.

WASIOFAA SANDUKU DOGO

Kuko samaki wazuri ambao utaonyeshwa, na lazima ukatae.

Tropheus: ana rangi za ajabu, kila pwani na rangi yake. Lakini anapita sentimetre 12, ni mgomvi, anahitaji kundi kubwa na sanduku la metre moja na nusu. Chakula chake ni majani membamba yanayoota juu ya majiwe. Ukimupa chakula cha nyama sawa wengine, tumbo linavimba na anakufa.

Cyphotilapia: ni yule mwenye mikanda ya buluu na paji kubwa la uso. Samaki wa Moba wa aina hii anatafutwa sana ng'ambo. Anapita sentimetre 30, na usiku anameza wadogo.

Altolamprologus: ni mwembamba sawa kisu, mzuri, mtulivu. Lakini kazi yake ndani ya ziwa ni kunyonya watoto wa wengine kutoka katika nyufa.

Tilapia na kambale wa bwawa: hawa wawekwe katika bwawa, na kisha katika sufuria. Katika akwariyumu ndogo, tilapia atavunja kila kitu na kambale atamaliza kila mtu.

MAJI YETU, SISI WATU WA MIGODI

Hapa ndipo pana neno linalotuhusu sisi zaidi ya wengine. Shaba inatulisha, lakini kwa samaki ni sumu. Shaba kidogo sana iliyoyeyuka katika maji inaua konokono, kisha samaki. Kwa hiyo:

Usichote maji katika kijito kinachopita chini ya kiwanda ao karibu na fasi wanaposafishia mawe ya migodi. Usichukue mchanga huko, hata kama ni mweupe.

Usitie ndani ya sanduku lako jiwe la malakiti. Najua ni la kijani na linapendeza. Malakiti ni shaba. Vilevile jiwe jeusi la kobalti, na kipande chochote kutoka mgodini. Tumia jiwe la chokaa, ao jiwe la kawaida la mlima, lililosuguliwa bila sabuni.

Mwenye kufikiri ninaongeza chumvi akumbuke yaliyotokea jirani. Tarehe 18 mwezi wa 2 mwaka 2025, katika Zambia, ukuta wa bwawa la taka la mgodi wa shaba karibu na Chambishi ulipasuka. Maji ya asidi yaliingia katika kijito na kufika mto Kafue. Samaki walikufa wengi, na mji wa Kitwe ulikatiwa maji ya robine. Yale yaliyopata mto mzima yanaweza kupata litre 45 kwa jiwe moja baya.

Maji ya robine ao ya kisima safi yanaweza kufaa. Angalia birika lako la chai. Likibaki na ugamba mweupe ndani, maji yako yana chokaa, na samaki wa Tanganyika watayafurahia. Maji ya robine yaache usiku na mchana mmoja katika ndoo iliyo wazi, dawa ya klorini itoke. Hata kioo kiunganishwe kwa silikoni isiyotiwa dawa ya kuua ukungu, kwa sababu dawa hiyo inaua samaki pia.

Kisha uwe na uvumilivu. Uchafu wa samaki unatoa amonia, na katika maji yenye pH ya juu amonia inakuwa sumu kali zaidi. Kuko vijidudu visivyoonekana kwa macho, vinavyokaa katika mchanga na sifongo la chujio. Vinageuza amonia kuwa nitriti, kisha nitrati isiyo kali sana. Lakini vinahitaji juma 4 hata 6 ili kuongezeka. Basi jaza maji, washa chujio, tia chembe ndogo ya chakula cha samaki kila siku, na NGOJA. Mwenye kununua sanduku na samaki siku moja ananunua maiti.

BARIDI NA UMEME

Ziwa Tanganyika liko kwenye kimo cha karibu metre 770 juu ya bahari, na maji yake ya juu yana joto la digri 24 na zaidi mwaka mzima. Sisi tuko kwenye metre 1200 na kupita. Mwezi wa 6 na wa 7, usiku wa Lubumbashi unaweza kushuka chini ya digri 10. Samaki hawa hawatavumilia. Kwa litre 54 unahitaji chombo cha kupasha maji cha wati 50 ao 75, na termometri.

Na umeme ukikatika? Funika sanduku kwa blanketi pande zote, acha nafasi ndogo juu hewa ipite. Usiwape chakula mpaka umeme urudi, samaki mzima hafi kwa kukosa chakula siku mbili. Kila saa chota maji kwa kikombe na kuyamwaga tena kutoka juu, dakika chache, ili hewa iingie. Kama katika kata yenu umeme unakosekana siku tatu kwa mfululizo, na huna pompi ya betri, mimi nakuambia wazi: usianze kwanza. Kungoja si aibu.

KUWALISHA NA KUWACHUNGA

Wape chakula kidogo mara moja ao mbili kwa siku, kile wanachomaliza kwa dakika mbili. Usitupe mkate, wala bukari, wala ndakala za chumvi. Kila siku ya posho toa maji robo moja, rudisha maji mapya yenye joto moja na yale ya ndani. Samaki wapya wasimwagwe mara moja. Acha mfuko uelee dakika 20, kisha ongeza ndani yake maji ya sanduku kidogokidogo.

Juma la kwanza kaa mbele ya kioo uangalie. Kufukuzana kidogo ni mambo ya nyumbani. Lakini ukiona samaki mmoja anasimama siku nzima kwenye kona ya juu, karibu na uso wa maji, mapezi yamepasuka, hashuki kula, usiseme "watazoeana." Mutoe leo. Muweke katika ndoo safi yenye maji yaleyale, joto lileile na pompi ya hewa, na umutafutie kao lingine. Kama wote wanagombana, ongeza nyumba za konokono, na jiwe moja la kuzuia wasionane.

NENO KWA WAZAZI NA VIJANA

Wazazi, mtoto akiomba akwariyumu, msikatae haraka na msikubali haraka. Muulizeni maulizo yale 5. Akiyajibu bila kuangalia karatasi, ameisha kujifunza hesabu, kemia na uvumilivu. Mwambieni pia aonyeshe nani atabadilisha maji wakati wa mitihani.

Vijana, multifasciatus wanazaana vizuri ndani ya sanduku. Mwenye kundi moja lenye afya anaweza kuwapa wenzake, na wao wengine, bila kuvua tena ziwani. Hiyo ni njia njema, kwa sababu samaki wengi wa Tanganyika wanaishi kwenye kipande kimoja kidogo cha pwani. Wavuvi wakiwatoa wote pale, hawatatoka fasi ingine. Mwenye kuleta samaki kutoka Kalemie, Moba, ao kutoka Mpulungu ya Zambia, aulize kwanza kwenye ofisi ya serikali inayohusika na uvuvi na mazingira, apate karatasi zake, asipitishe kwa siri. Na ukichoka kufuga, usiwamwage katika mto ao bwawa. Tafuta mtu wa kuwapokea.

Mwisho, kumbuka kwamba samaki hawakuomba kuja nyumbani mwako. Ni wewe uliyechagua sanduku, ukachagua maji, ukachagua hata jirani atakayelala karibu nao. Yule ambaye hana mlango wa kutokea, amani yake iko mikononi mwa mwenye kumufungia. Basi nunua wachache, wa aina moja, wenye nafasi.